Fomu Elfu Nne za Pikipiki

Delphin alisoma bango la duka jipya la simu karibu na gare, kituo cha treni cha Kalemie, akahisi mate yanamjaa kinywani. Jaza fomu kwenye mtandao, ushinde pikipiki. Kila fomu ni nafasi moja. Hakuna mahali palipoandikwa muntu mumoja ajaze ngapi.

Saa hiyohiyo akaenda kwa Papa Germain, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, bwana ambaye akikuonjesha samaki mmoja hukuomba umrudishie kichwa.

"Papa, wengine watajaza moja moja kwa kidole. Mimi niko na programu. Naandika maagizo mara moja, mashine inafungua ukurasa, inaandika jina, inatuma, inaanza tena. Fomu elfu nne!"

"Na zote kwa jina yangu?"

"La nani tena, Papa?"

Germain akatoa magunia mawili ya ndagala kuwa malipo. Na Delphin, tumtendee haki, alitimiza kila alichoahidi isipokuwa kitu kimoja kidogo: ndani ya programu, penye jina la mshiriki, aliandika lake.

Alipotaka kuanza, katika biro yake ndogo ya kompyuta, umeme ukakatika, na boti ya Uvira iliyongoja magunia yake ya ndagala ilikuwa karibu kuondoka. Akamgeukia Myriam, aliyekuwa akiwachapia watu barua katika biro ileile, na ambaye Delphin alimtambulisha kwa wateja wake kama "mutumishi wangu".

"Umeme ukirudi, bonyeza hapa tu. Usisome, kichwa kitakuuma."

"Ndiyo, Papa Delphin."

Miaka mitatu Myriam alikuwa amewachapia wanafunzi wa kompyuta kazi zao za mwisho, programu nzimanzima, nukta kwa nukta. Delphin hakuwahi kumuuliza. Umeme uliporudi, Myriam akasoma. Akafuta jina na namba ya simu, akaweka zake. Kisha akabonyeza, kama alivyotumwa.

Jumamosi, mbele ya duka, Papa Germain alifika amevaa suti na tai. Delphin alificha kitambulisho chake mfukoni, tayari kuruka jukwaani na kutoweka na pikipiki.

"Mshindi ni... Myriam, wa njia ya Katanika!"

Delphin alipiga kelele kabla ya kufikiri: "Mwizi! Amefuta jina!"

Papa Germain akageuka polepole. "Jina ya nani?"

Delphin akarudi nyuma hatua moja.

"Nauliza, Delphin. Jina ya nani?"

"Papa, mambo ya mashine..."

"Basi twende uniletee ndagala zangu."

Ndagala zilikuwa Uvira tangu juzi. Delphin alitoka mbio kuelekea bandarini, tai ya Papa Germain ikipepea nyuma yake.

Myriam alikabidhiwa ufunguo, watu wakashangilia, wakamwambia apande. Hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Akaishika pikipiki kwa mikono miwili, akaisukuma hadi nyumbani, akicheka njia nzima.