Kompyuta Yako Imeiita Kamera Yangu Printa

Ndugu Mkuu wa Duka la Kompyuta,

Pokea salamu zangu, japo nimezipunguza kidogo kwa hasira. Mimi ni yule bibi msusi wa nyumba ya kona, ninayemsuka mkeo na mama mkwe wako. Shule niliiacha mapema, ila adabu niliimaliza yote. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mashine uliyotuuzia siiamini hata kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu anaishi ng'ambo, na Alhamisi anapasuliwa macho. Amenitumia kamera ya kuchomeka kwenye kompyuta ili tuonane kabla ya siku hiyo. Aliniambia kwa simu, "Dada, nataka nikuone kwa macho haya ya zamani, ili nikifunguliwa mapya nijue umezeeka kiasi gani." Basi nikavaa, nikapaka wanja, nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta. Mkamwana wangu akachomeka waya. Kompyuta ikaandika: Printa iko tayari.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, usije ukasema hukuyaona.

1. Kompyuta yako ni mwongo. Kamera ina jicho, printa ina mdomo. Hata mtoto anayetambaa hachanganyi jicho na mdomo. Waya ule ule tumeuchomoa, tukauchomeka tundu la pembeni, tukajaribu na la nyuma, jibu halibadiliki: Printa iko tayari. Tayari kwa lipi? Nani kaiita?

2. Uongo huo umeambukiza. Printa imejikalia zake juu ya kabati, nimeifunika kitambaa, haina habari na mtu. Lakini kila tukichomeka kamera, inanguruma huko chini ya kitambaa. Wivu wa mawifi naujua. Wa vyombo sikuujua mpaka mlipoingia nyumbani kwangu.

3. Fundi wako. Huyu alikuja akaiamini kompyuta kuliko mimi. Akafuta programu, akaweka nyingine, akazima, akawasha. Alipochoka akashika nyaya zangu, eti azifumue. Ieleweke kwamba nyaya za nyumba hii nimezisuka mwenyewe, siku ile kamera ilipofika. Zilikuwa zinaning'inia nyuma ya meza kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, nami siwezi kulala nyumba moja na kichwa kama hicho. Nikazichana, nikazigawa mafungu, nikazisuka mkia mmoja wa kupendeza na kuufunga utepe. Nilimpiga kofi mkononi nikamwambia msuko wangu haufumui mtu ambaye hata upara wake umemshinda. Akaondoka akinung'unika kwamba asipoona waya unakoanzia hawezi kusaidia. Ndugu Mkuu, fundi gani huyo asiyejua waya unakoanzia?

4. Kumbe dharau ndiyo tabia yake. Naisema kompyuta sasa. Kila tukiiwasha inaandika: Karibu, Mgeni. Mgeni mimi! Nyumba hii nimeijenga kwa vidole hivi, kichwa kimoja baada ya kingine. Leo kamera imeitwa printa na mwenye nyumba ameitwa mgeni. Kesho mkamwana wangu ataitwa mama mkwe, nami nitatumwa maji.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima yote iliyobaki, uje mwenyewe kabla ya Alhamisi. Uikalishe kompyuta chini, uitambulishe kwa kamera kama wanavyotambulishwa wakwe: huyu ni nani, katumwa na nani, kazi yake nini. Kisha iniombe radhi, majirani wakisikia. Ikikataa, irudishe dukani ikakuite mgeni wewe.

Mdogo wangu nilimsuka mimi tangu nywele zake zikishikwa kwa kucha. Akiingia kwenye kisu bila kuniona, na mambo yakaharibika, nitamwambia nini? Kwamba printa ilikuwa tayari?

Nakukumbusha tu kwamba mkeo ana zamu kwangu Jumamosi. Nisipomwona mdogo wangu, nitamsuka upande mmoja.

Nisalimie nyumbani kwako wote, fundi na mkono wake, na kila anayekuvumilia hapo dukani.

Ni mimi,
Bibi Msusi, mwenye nyumba.

Nyongeza: Mkamwana wangu alikuwa akuletee barua hii. Badala yake, niliposinzia mchana, ameufumua mkia wangu wa nyaya bila ruhusa. Imeonekana waya tuliokuwa tukiuchomeka unaanzia kwenye printa. Wa kamera ulikuwa katikati ya msuko, na ncha yake niliifutika ndani mwenyewe, kama ifanywavyo ili isichomoze. Kompyuta ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo. Usiiambie.

Mdogo wangu nimemwona. Alisogea mpaka uso wake ukajaa kioo kizima. Halafu akasema, "Dada, nani kakusuka vibaya hivyo?" Nikajua macho bado yapo.

Mkeo aje Jumamosi, nitamsuka pande zote mbili. Fundi mpe pole. Ila lile la kuniita mgeni liko pale pale.