Seva ya Pikipiki za Wamaza

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimeanza. Mimi Hervé, mwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko la Kasongo, ninaunda seva. Anayetaka kwenda Wamaza anaandika kwenye simu jina lake na idadi ya watu. Seva inajumlisha, kisha inawaambia wamotari, waendesha pikipiki, pikipiki ngapi zinatakiwa. Pikipiki moja, abiria mmoja.

Sababu ya kweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: Sidonie. Miaka sita anashika daftari la zamu pale pikipiki zinaposimama, na watu wote wanamwita Mama Katibu. Jumatatu ijayo mzee Hemedi, mkubwa wa wamotari, atachagua katibu upya, na cheo hicho nakitaka mimi. Nimemwambia mzee seva inakaribia kwisha. Kompyuta nilikuwa bado sijaiwasha.

Jumanne, tarehe 10

Elsa, binti wa dada yangu anayesoma informatika, mambo ya kompyuta, huko Kindu, amenitumia hatua za kuanzia. Lugha yenyewe inaitwa TypeScript. Ina tabia za karani mkorofi: kila kitu lazima utaje ni cha aina gani. Hii ni namba? Hili ni neno? Niliandika mistari ishirini, ikanirudishia makosa thelathini na moja.

Mtandao ulikatika. Nikabeba kompyuta hadi nyuma ya kanisa, ambako unashika. Vifurushi vya programu vikashuka polepole, nami nikala karanga. Siku nzuri, kwa kweli.

Jumatano, tarehe 11

Makosa yote yamekwisha! Dawa ni rahisi. Kwenye faili la mipangilio kuna sehemu ya ukali; nimeizima. Pale lugha inapouliza aina, ninaandika "yoyote". Kimya. Elsa ameniandikia kwamba malalamiko yale ni msaada, nisiyazime. Nikamjibu kwamba yeye yuko shuleni, mimi niko kazini.

Mzee Hemedi alikuja kutazama. Nikajiandikisha kama abiria, mtu mmoja. Seva ikaita pikipiki moja. Mzee akasema ameridhika. Sidonie alikuwa pembeni akichonga penseli.

Ijumaa, tarehe 13

Abiria wa kweli! Mama Anastasie, mjane wa mwalimu, anakwenda Wamaza kumwona mjukuu wake wa kwanza. Kajiandikisha mtu mmoja. Baadaye dada yake naye kajiandikisha, mtu mmoja. Seva ikajumlisha na kuita pikipiki kumi na moja.

Sidonie alifika kibandani na daftari lake kwapani.

"Hervé, Mama Anastasie iko na dada yake tu. Hawa kumi na moja ni nani?"

Nikamwambia mashine haikosei hesabu, labda kuna ndugu asiowajua. Akaondoka. Nilifurahi sana. Chakula cha jioni kilikuwa kitamu.

Jumamosi, tarehe 14

Alfajiri pikipiki kumi na moja zilijipanga mbele ya nyumba ya Mama Anastasie. Nilijificha nyuma ya kibanda cha jirani yake, karibu kiasi cha kusikia kila neno. Wamotari walikuwa wakiuliza seva ni ya nani.

Mama Anastasie alitoka, akahesabu, akakaa kwenye kigoda. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa na wasiwasi wake wiki nzima: wakwe wa binti yake ni watu wa familia kubwa, naye mjane angefika na dada yake tu, kama watu waliopotea njia. Akamwambia Sidonie, aliyekuwa amefika na daftari lake, kwa sauti ndogo, "Kwaya yetu wote walitaka kuja. Hawakupata namna."

Sidonie hakungoja. Akafungua daftari, akapita nyumba kwa nyumba, akarudi na wanawake tisa wa kwaya wamevaa vitenge vya sare. Wamotari akawatuliza: Wamaza wamevuna mpunga, nauli watalipwa kwa huo, hawatarudi mikono mitupu. Wakaondoka kumi na mmoja wakiimba. Mimi nikatoka mafichoni kupunga mkono.

Jumapili, tarehe 15

Elsa ameeleza. Idadi ilitoka kwenye simu kama neno, si kama namba. Moja ikabandikwa kando ya moja, zikawa kumi na moja. Ningeacha ukali uwake na kutaja aina, lugha ingenionya. Nimemshukuru. Maelezo marefu, lakini mtoto ana akili.

Jumatatu, tarehe 16

Habari imefika kutoka Wamaza. Wakwe waliposikia nyimbo walitoka hadi barabarani kuwapokea. Mtoto ameitwa Anastasie.

Mzee Hemedi amemchagua Sidonie tena. Mimi amenipa cheo cha msaidizi wa katibu, kwa seva. Sidonie amesema nitashika penseli. Nimekubali, cheo ni cheo. Na nikifikiri vizuri, bila hesabu yangu kwaya isingekwenda. Mtu anaweza kuita hilo kosa. Mimi naita kuona mbali.

Jumanne, tarehe 17

Wenye mitumbwi wa Nyangwe wamesikia sifa zangu, wametuma watu wawili kibandani. Wanataka seva ya abiria wa mtoni, ianze Ijumaa. Wameuliza kama inajua mtumbwi mmoja unabeba watu wangapi.

Nimesema inajua. Kesho nitaiuliza.