Nikila Nitabaki

Jumatatu, 3 Agosti

Darasa la jioni la watu wazima, ukumbi wa maktaba. Tunasoma visasili, zile hadithi za kale ambazo kila taifa linazo za kueleza dunia. Leo: msichana aliyechukuliwa na mfalme wa kuzimu. Mama yake akalia mpaka mimea ikakauka. Msichana akaruhusiwa kurudi, kumbe alishakula mbegu za komamanga huko chini. Ukila chakula cha kuzimu, wewe ni wa kuzimu.

Mwalimu akasema kuna taifa jingine, mbali kabisa, lenye hadithi inayokaribiana na hiyo. Akatuuliza kwa nini. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa sababu ni kweli. Darasa likacheka. Mwalimu akasema hadithi hizi ni istiara: chakula si chakula, kuzimu si kuzimu, kila mtu atafute ndani yake kuna nini.

Nikatafuta ndani yangu, njia nzima mpaka nyumbani. Humo nikamkuta mama mkwe.

Jumatano, 5 Agosti

Nieleze, nisionekane mbaya. Mama mkwe ni mwema. Tatizo ndilo hilo. Mwanangu ana miaka sita, na kila akitoka kwake ananiambia mayai ya bibi ni laini, maziwa ya bibi yana povu, bibi hana haraka. Mimi napiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima. Nikifika nyumbani nina haraka hata ya kulala. Likizo iliyopita aliniuliza, kwa upole kabisa, kama anaweza kuhamia kule moja kwa moja, mimi niwe namtembelea. Sikulia mbele yake. Nilikwenda bafuni.

Ijumaa anakwenda tena, mpaka Jumapili. Basi leo kitandani nikamsimulia habari ya msichana na komamanga. Sikumtaja bibi, Mungu shahidi wangu. Nilisema tu kwamba ukila kwa watu unaweza kubaki hukohuko. Sehemu ya mwisho nikaikata. Ilikuwa ndefu na hainisaidii.

Akasikiliza macho yamemtoka pima. Akauliza, dawa ya meno nayo inahesabika? Nikamwambia lala.

Ijumaa, 7 Agosti

Baba yake amempeleka. Mlangoni mtoto akaning'ang'ania shingo, akaninong'oneza kwamba atarudi, nisiwe na wasiwasi. Roho yangu kwatu. Nikapiga pasi huku naimba. Msimamizi akauliza kama nimeokota kitu njiani.

Jumamosi, 8 Agosti

Mama mkwe kapiga simu kazini asubuhi. Mtoto hajala tangu jana. Si uji, si mkate, si yai. Maji tu, nayo kwanza kauliza yametoka bomba gani. Mswaki hataki kuuona. Akiulizwa anasema: nikila nitabaki. Mama mkwe akaniuliza, mwanangu, mmemwambia nini huyu mtoto? Nikasimama na simu sikioni mpaka shuka likaungua. Alama ya pasi katikati, kama unyayo.

Nikaomba ruhusa, nikapanda basi na mkate wa nyumbani kwenye mfuko. Mtoto akaula amesimama nje ya lango, midomo imemkauka, hataki hata makombo yaangukie ndani ya ua. Ndani, mezani, nikakuta kibakuli kipya cha bluu na kijiko kidogo. Mama mkwe alikuwa amevinunua kwa ajili ya wikendi hii. Pembeni, yai limepoa.

Najuta. Hapa nimeandika mara moja, lakini kwenye basi nimesema safari nzima.

Nikamsimulia mama mkwe hadithi kama nilivyomsimulia mtoto. Kwamba kuzimu ni kwake sikusema, lakini alielewa. Alikuwa anafuta meza ambayo tayari ni safi. Kisha akasema taratibu kwamba na yeye alikuwa na mtoto mmoja. Akaenda kwa msichana fulani, mara ya kwanza akanywa chai, mara ya pili akala cha mchana. Siku hizi humwona likizo hadi likizo. Akaniuliza: haya mama, katika hadithi yako, mfalme wa kuzimu ni nani?

Hapa hata darasa lisingecheka.

Akauliza inaishaje. Ikabidi niseme ule mwisho nilioukata: wakapatana, msichana akawa anakaa miezi kadhaa huku na miezi kadhaa kule, na kila akirudi kwa mama yake mimea inachipua. Mtoto alikuwa mlangoni anasikiliza. Akasema, kumbe alikula kotekote. Akavuta kibakuli cha bluu, akatia lile yai la baridi, akala. Mama mkwe akageukia ukutani.

Nimeapa. Hadithi basi.

Jumapili, 9 Agosti

Nimelala kulekule kwa mama mkwe. Tumeamka tukiwa na amani. Kulikuwa na tatizo dogo tu: wakati wa kuaga mtoto hulia, bibi naye hulia, na basi linatuacha. Nikaona nimpunguzie mama mkwe uchungu, baada ya yote niliyomfanyia. Kuna ile ya mwanamume aliyekwenda kuzimu kumtoa mkewe, akaambiwa asigeuke nyuma. Akageuka, akampoteza. Ni fupi. Haina chakula ndani yake, nilihakikisha. Nikamnong'oneza mtoto wakati namvalisha viatu.

Ikafaulu. Mtoto akatembea wima kama askari mpaka kituoni, bila chozi, bila kugeuka. Mimi niligeuka. Mama mkwe alikuwa ameinua mkono. Akangoja. Akaushusha, akajifanya anarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

Ndani ya basi mtoto akauliza kama bibi bado yupo. Nikamwambia yupo, anapunga mkono. Akanitazama. Akaniuliza nimejuaje.

Amelia mpaka nyumbani. Anasema nimempoteza bibi. Nimepiga simu ili wasalimiane, haikupokelewa. Labda mama mkwe yuko uani. Mtoto amekataa chakula, safari hii changu.

Nimepekua makaratasi ya darasani. Kuna hadithi ya ndege aliyeungua mpaka akawa jivu, kisha akainuka mzima kabisa. Inatia moyo sana. Haina chakula, haina kugeuka nyuma. Ina moto kidogo tu.