Gololi ya Ishirini na Mbili

Jumatano, 8 Julai 1992
Leo skuta imenipeleka shambani kwa watu. Nilikata kulia, usukani ukakataa, nikaingia mahindini mzima mzima. Beringi za usukani zimekwisha. Skuta yenyewe ya mwaka sitini na nne, niliachiwa na padre aliyerudi kwao. Na Jumapili ndiyo jubilei ya shemeji yangu, Sista Notburga! Nimeshamwahidi baba mkwe, Mzee Otto, kwamba nitamtoa kwake Maposeni hadi kanisani na kumrudisha. Nikishindwa, atapanda pikipiki mpya ya Ramson. Ramson na mimi tumeoa dada kwa dada, lakini mzee humwita yeye "mwanangu" na mimi "yule wa Lidwina." Miaka kumi na moja sasa. Inaniuma.

Alhamisi, 9 Julai
Zamani ungeandika barua Dar ukasubiri hadi uote mvi. Siku hizi ruksa, kila kitu dukani. Nimezipata kwa fundi Bashiru: vikombe vipya vya beringi na gololi zake, za beringi ya chini ishirini na mbili. Bashiru akataka afunge yeye. Nikamjibu mimi si mtoto. Basi akasema nizigandishe kwa grisi zisidondoke, na akaninyooshea kopo. Sikulichukua. Grisi ya nini, na nyumbani kuna mafuta ya nguruwe? Kwa baridi hii ya Songea yameganda kama sabuni. Akili ni mali!

Ijumaa, 10 Julai
Vikombe vya zamani nimeving'oa kwa patasi. Kidole gumba kimevimba. Gololi za chini nikazipaka mafuta, nikazipanga kwenye sahani uani, nikaingia kunywa chai. Kutoka, jogoo mwekundu wa Lidwina yuko kando ya sahani, anafuta mdomo chini. Nikahesabu. Ishirini na moja! Nikahesabu tena kwa Kingoni. Ishirini na moja.

Sikumwambia Lidwina. Jogoo huyo ni zawadi ya kumpa baba yake, kesho anampeleka Maposeni.

Nikabeba sahani hadi kwa Bashiru kuomba gololi moja tu. Akanusa. Akauliza mbona grisi inanukia jikoni. Nikasema ukweli. Astaghafirullah! Akaruka nyuma ya meza, akasema sahani hiyo nitoke nayo, na kesho nisije. Nimeufunga usukani kwa hizo hizo ishirini na moja.

Jumapili, 12 Julai
Mungu ni mwema! Usukani unageuka wenyewe, kona zote hadi kanisani na kurudi. Baba mkwe alinikumbatia kiuno, akasali kwa sauti njia nzima. Ramson nyuma, anakula vumbi letu.

Halafu chakula. Lidwina akaleta sahani kutoka kwa mama yake jikoni: firigisi ya yule jogoo, fungu la mwenye nyumba, na kando yake gololi, imeoshwa, inang'aa. Mama mkwe anauliza ni ya nani, imekutwa humo ndani.

Lidwina akanitazama. Ramson akaruka: hiyo ni gololi ya usukani, mzee amebebwa na chombo kibovu! Mdomo ukasema wenyewe. Nikasema ni ya akiba, baba, mtu makini hasafiri bila akiba. Mzee akauliza kwa nini ndani ya jogoo. Nikasema humo haipotei.

Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akachukua firigisi, ile ile yake, akaiweka mkononi mwangu. Akasema, "Kula, mwanangu." Ramson akapewa shingo. Niliitafuna taratibu, huku machozi yananilenga.

Jumatatu, 13 Julai
Nimelala kama mtoto. Asubuhi nikapita kwa Bashiru kumringia. Akasema gololi moja ikipungua si kitu, nafasi ya moja huachwa. Ila viatu vya breki vimelika, na mteremko hautanii. Alikuwa navyo vipya. Sikuvichukua. Nyuma ya mlango kuna ndala kuukuu ya Lidwina, soli nene, nzuri kabisa.

Jumamosi nampeleka baba mkwe Madaba. Kaomba mwenyewe. Gololi nazo nimezifikiria: kama ishirini na moja zinatosha, ishirini zina kosa gani? Moja ningeivaa shingoni kwa kumbukumbu.

Lidwina amefungia mafuta ya nguruwe kabatini. Ufunguo najua anapouweka.