Odeta na Sato wa Siku ya Mwisho

Enyi wakazi wa Kiseke, nanyi nyote mkaao kandokando ya ziwa letu, tegeni masikio, na mwenye sufuria jikoni apunguze moto, kwa maana nawasimulia jinsi Odeta binti Tereza, Mwenyekiti wa Mtaa, Mshika Mhuri, Mwamuzi wa Mitaro na Mipaka, alivyokula samaki mmoja mpaka akammaliza. Usicheke, ewe msikilizaji. Wewe umewahi kuongoza mtaa?

Mama yake, Bibi Tereza, alikuwa amevuka maji kutoka Ukerewe kuja kumwona mwanawe. Lakini ole! Siku zote za ziara alimkuta sikio limegandana na simu. Tena siku moja kabla ya mlo huu, shujaa wetu akitafuna samaki huku akisuluhisha ugomvi wa mtaro kwa simu, mwiba ulimkaba kooni. Akameza matonge ya ugali mazima mazima mpaka adui akashuka, naye akafungua mkutano wa wananchi kwa sauti ya bata. Aibu iliyoje!

Sasa ilikuwa siku ya mwisho, kwani jioni bibi angepanda kivuko arudi kwake. Sato akatua mezani mzima, kichwa na mkia, amelala katika mchuzi wa nyanya kama mtemi kitandani.

"Odeta," bibi akanena, "hiyo simu ikiita ukainuka, nitakuchambulia miiba nikulishe, kama ulipokuwa hujaota meno. Sikuvuka maji kuja kusalimia mgongo wako."

Ndipo Odeta akasimama, akanawa mikono, akatangaza: "Mama, mbele yako na mbele ya ugali huu naapa: mpaka sato huyu abaki mifupa, mtaa utajiongoza wenyewe!" Akaitumbukiza simu ndani ya kapu la vitunguu.

Simu ikanguruma. Vitunguu vikatetemeka. Majeshi ya wasiwasi yakamvamia shujaa: labda ni diwani, labda bomba limepasuka, labda wanamchagua mwenyekiti mwingine! Mkono ukamwasha. Lakini sato hana huruma na mwenye mawazo ya mbali. Kila akili ilipokimbilia ofisini, ulimi ulikutana na mwiba, naye akarudi mezani mbio. Akautoa, akauweka pembeni ya sahani, akatafuta mwingine. Pole pole pumzi yake ikatulia.

Mara, hodi! Ni Ngosha, jirani yake, mori umempanda.

"Mwenyekiti! Mbuzi wa Obedi wamemaliza mchicha wangu wote! Nimekupigia mpaka kidole kimekufa ganzi! Leo ni leo, ama zake ama zangu!"

Hapo, ndugu zangu, ndipo uongozi ulipopimwa. Odeta hakuinuka. Aliinua macho tu, akatamka neno ambalo mtu aliyelelewa vizuri halipingi: "Karibu tule."

Ngosha akasita mlangoni, hasira huku, adabu kule. Akatae chakula mbele ya mama wa mtu?

"Shikamoo, bibi," akasema kinyonge.

"Marahaba. Nawa mikono."

Akanawa, akaketi, akapewa upande wa mkia, wenye miiba ya kutosha. Nani agombane na miiba mdomoni? Tonge baada ya tonge mori ukamshuka, na wale mbuzi wakawa mbuzi tu.

Ndipo Odeta akamtazama mama yake, akaona anatafunia upande mmoja.

"Mama, jino lako la huku liling'oka lini?"

"Mwaka jana. Nilikupigia nikuambie, ukasema uko kikaoni."

Machozi yalimlengalenga Mshika Mhuri, akachambua nofu laini la shavuni mwa sato, akamwekea mama yake.

"Liliuma?"

"Mwanangu, acha tu!" Bibi akasogeza kiti, akaanza kusimulia, na ilikuwa habari ndefu.

Basi na iandikwe, wasome wajukuu wa wajukuu: siku ile, mezani Kiseke, sato aliisha, habari ya jino ikasikilizwa mpaka mwisho, na mtaa, uliokaa bila kiongozi kwa mlo mzima, haukuanguka.