Shangazi kwa Godoro Moja

Jumatatu, 3 Agosti

Ushindi! Nimejitambulisha kwa baba wa mchumba wangu. Mzee ni mshonaji makoti, hacheki ovyo. Alikuwepo pia Fundi Saa, jirani yao, anayemmezea mate mchumba wangu tangu zamani. Eti amekuja kutengeneza saa ya ukutani. Saa ilikuwa inakwenda vizuri tu.

Mzee akaniuliza kwetu wapi. Kabla sijajibu akaanza kuwasifu watu wa mlima wa mpakani, kabila lile dogo lenye vijiji na lugha yake huko juu mawinguni. Marehemu mama yake alikuwa akisema watu wale hawajui uongo. Nikadakia palepale: mimi ni wa hukohuko! Mzee akanikumbatia. Mchumba akanikanyaga chini ya meza. Anajua fika nimezaliwa nyuma ya stendi ya mabasi.

Jumamosi Mzee atapanda kuwasalimia ndugu zangu. Mlimani sina ndugu. Hata koti la baridi sina.

Jumatano, 5 Agosti

Nimetangulia kutafuta ndugu. Mimi ni muuza magodoro, kwa hiyo nimepanda na godoro kichwani, lile la maonyesho. Mwenye duka hana habari. Lori liliishia darajani, kilichobaki ni miguu. Upepo wa huku, loo! Ulilidaka godoro, nikalifuata hadi katikati ya viazi vya watu. Simu nayo ikanikaribisha nchi jirani, kisha ikanikaribisha nyumbani, na sijasogea hatua.

Kijiji kizima kikatoka kunitazama. Mama mmoja mfinyanzi akanionea huruma, akanipa maji. Nikamweleza shida yangu: nahitaji shangazi wa siku moja, malipo godoro. Akalibonyeza. Akalala juu yake, akafumba macho, nikadhani kasinzia. Akafumbua macho na kusema sawa, ila ushangazi wa siku moja yeye haujui. Nikimpata, nimempata moja kwa moja.

Nikasema hewala. Mama mwepesi kabisa!

Alhamisi, 6 Agosti

Mgongo wangu! Kumbe ukiwa na shangazi una kazi. Nimechimba udongo, nimeukanyaga, nimebeba kuni. Wamejitokeza pia baba wadogo ambao sikuwaagiza. Wamenigombeza kwa kutokuja miaka yote hii. Nikaomba radhi! Mmoja akauliza kwa nini sikuonekana kwenye msiba wa babu. Nikalia kidogo, ikampendeza.

Wamenifundisha salamu za kwao. Kila nikizitamka, watoto wanakimbia kuwaita wenzao waje wasikie.

Jumamosi, 8 Agosti

Mzee na mchumba wamefika. Dereva nani? Fundi Saa, na pikapu yake iliyooshwa.

Mambo yalianza kama maji ya mtungini, baridi na matamu. Shangazi akanikumbatia mbele ya wageni na kulalamika nimekonda. Baba wadogo wakasimulia nilivyotumbukia kisimani nikiwa mdogo. Nikakikumbuka kisima! Mzee akafuta machozi.

Halafu Shangazi akafunga kitambaa chake upya: fundo kisogoni, ncha moja nyuma ya sikio. Mzee akamkazia macho. Akasema mama yake alifunga vilevile, maisha yake yote, na hajawahi kuona mwingine. Shangazi akamuuliza jina la mama. Mzee akalitaja. Shangazi akapiga yowe, kikombe kikaanguka. Kumbe mama huyo ni dada wa baba yake Shangazi, aliyeolewa bondeni na hakurudi tena!

Vilio, vicheko, kukumbatiana. Hata mimi nilifurahi. Mjinga mie! Fundi Saa ndiye aliyetangulia kupiga hesabu. Akasema kwa upole, meno yote nje, kwamba basi bibi na bwana harusi ni ndugu.

Mzee akanishika bega, akaniita mwanangu, akasema kwa huzuni kwamba harusi haipo tena.

Jumapili, 9 Agosti

Mchumba kanivuta nyuma ya tanuri la vyungu. Akaniambia niseme ukweli, basi. Baba yake atanuna hadi chakula cha mchana, kisha atacheka. Nisiposema, yeye hataningoja nizeeke na ujanja wangu. Nampenda mno huyu binti.

Nikaenda, ukweli uko mdomoni kabisa. Nikamkuta Mzee ameshikana mikono na Shangazi, akishukuru kwamba amewapata watu wasiosema uongo, na aliyemfikisha ni mimi. Ukweli ukarudi tumboni.

Nikamwomba Shangazi anivue undugu hadharani. Akakataa katakata. Godoro ameshalilalia. Isitoshe ameshanizoea, na hapo hapo akanivisha soksi za pili. Naye pia akasema niseme tu ukweli.

Wakati wa kuondoka Fundi Saa alimfungulia mchumba wangu mlango wa mbele. Mchumba akapanda nyuma, akakaa nami juu ya magunia ya viazi. Hakunisemesha njia nzima, lakini alikaa.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimesema! Nimemfuata Mzee kwenye cherehani yake, nikamwambia kwamba mimi si damu ya Shangazi. Mchumba mlangoni akaanza kutabasamu. Ningeishia hapo. Lakini uso wa Mzee ukaanguka, nikashindwa kuvumilia, nikaongeza kwamba Shangazi alinilea tu. Watu wangu hasa wako upande wa pili wa mpaka, kijiji kile kinachoonekana moshi wake ukiwa kwa Shangazi.

Mzee karuka kwa furaha! Harusi ipo! Ila kwanza, Jumamosi, twende akawasalimie. Fundi Saa tayari anaosha pikapu. Mchumba kajishika kichwa kwa mikono yote miwili, kwa furaha nadhani.

Kweli, ukweli unalipa. Hata nusu yake.

Mwenye duka ameyafungia magodoro yote kwa kufuli. Imebaki mito tu. Mungu amjalie shangazi wa ng'ambo asiwe na matatizo ya mgongo.