Dakika Tisa za Kuwa wa Kwanza

Jumapili, 24 Juni 2012. Washington.

Wiki hii ni ya mwisho kabla ya Mahakama ya Juu kwenda likizo ya kiangazi, na uamuzi wa sheria ya afya bado haujatoka. Nchi nzima iko roho juu. Mimi nimetulia. Nimenunua saa ya kuhesabia sekunde.

Bwana Stoddard, mhariri wetu mkuu, ametuita ofisini. Kiti cha mwandishi mkuu wa mahakama kitakwenda kwa atakayeng'ara siku ya uamuzi. Anataka usahihi na kasi, alisema. Nikaandika kasi, nikaipigia mistari miwili. Lile jingine nitalikumbuka tu.

Wagombea ni wawili. Mimi, Wendell Krauthoff, miaka arobaini na mmoja, sauti nzito, nywele zote zangu mwenyewe. Na Lorna Pruitt, miaka ishirini na sita kazini, anayesoma hukumu kwa penseli mpaka ukurasa wa mwisho, pamoja na tanbihi. Tanbihi! Sijamwona mtu amekaa mbele ya televisheni akisubiri tanbihi.

Jioni dada yangu Noreen kapiga simu kutoka Dayton, Ohio. Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe 2 Julai, anabadilishiwa vali ya moyo. Kwa miaka minne kampuni za bima zilimkataa kwa kuwa moyo wake ulikuwa mbovu tayari, mpaka sheria hii ikampatia bima. Sheria ikianguka, bima inaanguka nayo na operesheni hakuna. Siku hizi hawezi hata kupanda kwenye lile basi la shule alilokuwa akiliendesha bila kusimama kwanza kutafuta pumzi. Aliniuliza, "Mdogo wangu, niambie ukweli, tutapona na hii sheria?" Nikamwambia siku hiyo awashe chaneli yetu na asithubutu kugusa nyingine. Atajua kabla ya Ohio nzima. Akasema ananiamini. Noreen ana akili sana, tumetoka tumbo moja.

Jumatatu, 25 Juni

Mahakama imetoa hukumu nyingine leo. Ya afya, bado. Si neno! Nimetumia nafasi hiyo kwa mazoezi.

Simu haziingii kwenye chumba cha majaji, kamera ndiyo kabisa. Kwa hiyo sisi wajanja tunakaa chini, chumba cha waandishi. Jaji mkuu akianza kusoma kule juu, makarani wanagawa nakala huku chini. Kuanzia hapo ni miguu yako na Mungu wako.

Nilidaka nakala, nikatoka mbio. Sakafu ya marumaru haina huruma. Nilianguka mara mbili, mara ya pili mbele ya mwandishi wa Japani, ambaye aliniinamia kwa heshima. Nimetoka nje kwa sekunde sabini na moja. Mpigapicha wetu, Ramiro, alikuwa na mkate wa soseji mdomoni na kamera imelala chini. Nimemkaripia. Alinijibu kwamba hakuna aliyekuwa anasubiri habari ile, hivyo yeye na soseji yake hawajamkosea mtu.

Goti limevimba. Kesho navaa raba chini ya suti.

Jumanne, 26 Juni

Mpango umeiva. Najivunia sana.

Siku ya uamuzi waandishi mia watapiga simu kwa sekunde ileile na mtandao utakwama. Wote watabaki wanapiga kelele, halo, halo. Mimi sihitaji simu. Nitatumia mikono! Nikitokea mlangoni na mkono mmoja juu, sheria imesimama. Nikipishanisha mikono yote miwili juu ya kichwa, imeanguka. Ramiro ananivuta kwa kamera kutoka barabarani, studio wanaona, wanaandika kwenye skrini. Hata ngazi sijashuka, Amerika imeshajua.

Ramiro aliuliza, na ikiwa nusu kwa nusu? Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni mahakama, si duka la piza. Akasema sawa, bosi. Ana bidii lakini hana upeo.

Nimefanya mazoezi ya mikono mbele ya kioo. Naonekana mtu wa kuaminika pande zote mbili.

Jumatano, 27 Juni

Nimemwondoa Lorna njiani, tena kiungwana. Nilimwambia Bwana Stoddard kwamba habari hii inahitaji utu, sauti za wananchi, na nani ana utu kumshinda Lorna wetu? Kesho atakuwa barabarani katikati ya waandamanaji, upande huu ngoma, upande huu mabango. Penseli yake ataitumia kujikunia kichwa.

Alinifuata mezani. Nilidhani anakuja kuning'ata. Akaniuliza kwa utulivu nitasoma kurasa ngapi kabla ya kutoka. Nikamwambia siri yangu, maana nimeshashinda. Nimepitia hukumu kumi na nne za nyuma, na jibu lilikuwa ndani ya kurasa mbili za kwanza. Kumi na nne kwa kumi na nne! Hiyo ni sayansi.

Lorna alitikisa kichwa. Alisema serikali imeitetea sheria hii kwa hoja mbili, na majaji wanaweza kuikataa ya kwanza na kuikubali ya pili. "Wendell, baba, geuza kurasa tu. Nakuomba."

Wivu huo. Nilimshukuru.

Noreen katuma ujumbe. Amefunga begi la hospitali, ameweka kandambili na picha ya mama. Nikamjibu: saa nne asubuhi, chaneli yetu, usipepese.

Alhamisi, 28 Juni. Mchana.

Naandika nikiwa nimejifungia chooni kazini, kwa hiari yangu.

Saa nne na dakika saba nakala iko mkononi. Nzito kama tofali. Ukurasa wa kwanza, maelezo. Ukurasa wa pili, maelezo. Moyo unadunda. Ukurasa wa tatu, ambao niliuongeza kwa heshima ya Lorna, jibu hili hapa: sharti la kila mtu kuwa na bima haliwezi kusimama juu ya mamlaka ya Bunge ya kusimamia biashara. Haliwezi kusimama! Nikakata mbio.

Raba zilishika sakafu vizuri mno. Nimewapita watu sita na kamba mbili za kuzuilia watu. Nimetokea mlangoni kwa sekunde arobaini na nne! Nikapishanisha mikono juu ya kichwa. Ramiro akanidaka. Skrini ikawa nyekundu nchi nzima: MAHAKAMA YAANGUSHA SHERIA YA AFYA. Sisi wa kwanza!

Nikashika kipaza sauti. Sijawahi kusema vizuri vile tangu nizaliwe. Nilisema historia. Nilisema ukurasa mpya. Mama mmoja mwenye bango alikaa chini barabarani akalia, na mzee wa upande wa pili akanikumbatia kwa nguvu hadi kifungo cha koti kikakatika. Katikati ya hayo Lorna anapenya kwenye ngoma, nakala mkononi, ananionyesha kitu kwa penseli. Nikajua anataka kuingia kwenye picha. Nikampa mgongo. Akazunguka. Nikampa mgongo tena. Ndiyo maana wananiita fundi wa kamera.

Dakika ya tisa Bwana Stoddard aliingia sikioni mwangu. Maneno yake siyaandiki, daftari hili nilipewa na mama.

Ni hivi. Ukurasa wa nne, majaji wanasema kwamba sharti lilelile, likitazamwa kama kodi, ni halali. Sheria imesimama. Nusu moja ilikuwa juu, nusu nyingine chini, na mtu mstaarabu anaanza juu. Kosa ni la aliyepanga zile kurasa.

Halafu kwa dakika tisa nzima hakuna aliyekuwa mbele yetu.

Alhamisi, jioni

Limetokea jambo la kifamilia.

Noreen aliniamini. Aliona skrini nyekundu, akazima televisheni, akapigia hospitali simu na kukiachia kitanda chake. Alisema hataki kufunguliwa kifua halafu mama abaki na mzigo wa deni ambao hakuna wa kuubeba. Kisha akaanza kutoa vitu kwenye begi. Marekebisho yetu hakuyaona, televisheni ilikuwa imezimwa.

Saa saba alipiga ofisini kunitafuta. Si kunilaumu, masikini. Alitaka kunipa pole, kwamba habari ile lazima iliniuma kuitangaza. Mimi nilikuwa chooni. Simu ya mezani kwangu aliipokea Lorna.

Nimesimuliwa na Ramiro. Lorna alimwambia, "Dada, kaa chini. Una kalamu? Tunasoma wote." Akamsomea mstari kwa mstari, ukurasa wa tatu, wa nne, wa tano, mpaka Noreen akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba bima yake ipo. Ndipo wakawapigia hospitali, wote wawili kwenye laini moja. Kitanda kilikuwa kimeshapewa bwana mmoja wa Springfield. Lorna hakukata simu. Alisubiri, akaomba, akapandisha sauti, akasubiri tena. Dakika arobaini. Mwishowe daktari amekubali kuongeza operesheni moja Jumatatu alasiri.

Nilipompigia Noreen alikuwa analia. Kwa kweli niliogopa. Nikasema samahani, dada. Akasema yameisha, niende nikale.

Nimekula. Nikatafakari kwa kina. Nimeona wazi kwamba simu ya mezani kwangu imetumika dakika arobaini bila idhini yangu. Nitalisamehe hilo.

Ijumaa, 29 Juni

Kiti amepewa Lorna. Ofisi nzima imepiga makofi. Mimi nimepiga ya nguvu kuliko wote ili waone roho yangu ilivyo kubwa.

Bwana Stoddard amenihamishia hali ya hewa. Alisema anataka niwe mahali ambapo siwezi kumdhuru mtu. Nimelitafakari hili na naliona ni heshima. Mahakama inazungumza mara chache kwa mwaka, hewa ipo kila siku. Na hewa haina ukurasa wa nne.

Taarifa yangu ya kwanza imekwenda hewani saa kumi na mbili jioni. Wataalamu walinipa karatasi mbili. Ya kwanza: joto kali, anga safi. Nikaingia hewani kabla ya vituo vyote. Niliwashauri watazamaji wafungue madirisha na walale kwa amani.

Jumamosi, 30 Juni

Jiji halina umeme. Miti imelala juu ya magari mtaa mzima. Upepo wa dhoruba ya usiku ulitokea Ohio, ukaruka milima yote, ukatufikia hapa na hasira zake. Ulikuwa kwenye karatasi ya pili.

Wataalamu wangeuweka kwenye ya kwanza kama kweli waliuona ni muhimu.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili, aliyefungua madirisha, hanisemeshi. Nimempelekea taulo.

Jumatatu, 2 Julai. Dayton, hospitali.

Noreen ameingizwa chumba cha upasuaji saa nane. Kabla ya kuingizwa alinishika mkono na kuniambia, "Usitangaze chochote, sawa?" Anapenda utani hata akiwa kitandani.

Mama amekaa kona na rozari. Binamu yetu Darlene amekaa mkabala, simu mkononi. Huyu Darlene ndiye shirika la habari la ukoo wetu. Misiba, mimba, talaka, vyote vinatoka kwake. Ndugu thelathini na wanane, kutoka Toledo mpaka Arizona, wanamsubiri yeye. Nilimtazama vidole. Navijua vidole kama vile. Nikasogeza kiti karibu na mlango.

Saa kumi na moja kasoro daktari akatokea, barakoa shingoni. Mama akasimama. Daktari akasema walifungua, wakajaribu kuirekebisha vali yake, na kwamba kwa bahati mbaya haikuwezekana.

Haikuwezekana! Machozi yalinitoka, kweli yalinitoka, lakini dole gumba lilikuwa kazini. Majina thelathini na manane nilikuwa nimeyaweka tayari tangu asubuhi. OPERESHENI YA NOREEN IMESHINDIKANA. Tuma. Nilimtupia jicho Darlene. Alikuwa bado ameshika mdomo!

Daktari alikuwa anaendelea. Alisema basi ile ya zamani wakaitoa, wakaweka mpya, na mpya inafanya kazi vizuri sana. Noreen ataendesha basi tena shule zikifunguliwa.

Mama akapiga magoti. Darlene akanikumbatia. Halafu simu ya Darlene ikaanza kulia, na yangu, na ya mama. Shangazi wa Toledo alikuwa ameanguka jikoni. Mjomba wa Arizona alishaagiza shada. Darlene aliisoma skrini yake, akaniangalia, akasema, "Wendell, wewe ni wa kufungiwa."

Nikaitazama saa yangu ya sekunde. Sekunde nne kutoka mdomoni mwa daktari mpaka Arizona, bila kamera, bila mpigapicha, na mwanamke aliyeushika ukoo miaka kumi na minane hakuwa amefungua hata simu. Nimeshangaa mwenyewe. Jumatano nitamwandikia Bwana Stoddard barua, nitaeleza takwimu hizi kwa utulivu, na nadhani ataona kwamba hewa ni ndogo kwangu.

Noreen amezinduka saa mbili usiku. Midomo mikavu, uso una rangi. Nilikuwa wa kwanza kitandani, nikamwambia mwenyewe, kwa sauti yangu nzito: dada, vali mpya imekaa, umepona. Akaomba nimpigie simu Lorna ili amuulize yeye.

Dawa ya usingizi hiyo. Nesi anasema itamtoka kufikia asubuhi.